Kanuni Moja kwa Mikono Mingi

Askari anayejiandaa kwa ukaguzi hupiga nguo zake brashi mpaka kila unyuzi uondoke. Unyuzi haumzuii mtu kulenga shabaha, lakini afisa mkaguzi anajua kwamba asiyeona dogo lililo kifuani pake huenda asione kubwa lililo ndani ya mtutu wa bunduki yake. Katika miaka ya 1970, mtaalamu Stephen Johnson wa maabara za Bell nchini Marekani alitunga programu ya kukagua maandishi ya programu nyingine. Aliiita Lint, neno lenye maana ya vinyuzinyuzi hivyo hivyo vinavyong'ang'ania nguo.

Ukaguzi wa namna hiyo unahitajika zaidi pale wanapoandika watu wengi wenye mazoea mbalimbali. Tutazame makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali huishi jirani. Mji mkubwa wa karibu ni Mbarara, wenye Kambi ya Simba na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989.

Tuchukue mfano wa vijana wanne, wawili wa Nakivale na wawili wa Mbarara, walioamua kuandika kwa pamoja programu ya daftari la mgao wa chakula. Wanatumia JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Lugha hiyo ina uvumilivu mwingi: huyu huacha nafasi mbili mwanzoni mwa mstari, yule nne, huyu hufunga sentensi kwa nukta mkato, yule haifungi. Mashine haijali.

HATARI ILIYOJIFICHA

Anayejali ni binadamu. Kila kijana afunguapo faili huipanga upya kwa mazoea yake. Mwenzake akiipokea huona mistari mia tatu imebadilika, kumbe iliyobadilika kwa maana ni mmoja tu. Macho huchoka, na katika msongamano huo hupita mstari huu:

if (watu = 0)

Mwandishi alikusudia kuuliza: je, idadi ya watu ni sifuri? Swali hilo huandikwa kwa alama tatu za usawa. Alama moja si swali, ni amri: idadi na iwe sifuri! Kaya ya watu sita hugeuka kaya isiyo na mtu, na programu haitoi hata onyo. Mama aliyesimama foleni tangu alfajiri ataambiwa kwamba jina lake limo, ila mgao wake haupo.

MKAGUZI NA MPANGAJI

Dawa ya maradhi haya ipo. Mwaka 2013 Nicholas Zakas alianzisha ESLint, programu inayokagua makosa. Na kosa tulilolitaja limo katika kanuni ambazo watunzi wake wanazipendekeza kwa kila mtu. Mwaka 2017 James Long alitoa Prettier, ambayo hupanga mistari yote kwa mtindo mmoja na kuacha nafasi ndogo sana ya ubishi. Yafaa kila moja ipewe kazi yake: Prettier ivalishe sare, ESLint ikague silaha.

Hata hivyo, zana pekee hazitoshi. Kwanza, faili la kanuni lihifadhiwe pamoja na programu yenyewe, si katika kompyuta ya kiongozi. Pili, wote watumie toleo lile lile la zana, na namba yake iandikwe katika faili la package.json. Tatu, ukaguzi ufanyike kabla kazi haijatoka kwa mwandishi, kisha urudiwe katika ghala la pamoja, maana mlinzi wa mlango wa nyumbani huweza kukwepwa. Nne, ikiwa programu ni ya zamani, upangaji wa mistari ufanywe siku yake peke yake, usichanganywe na marekebisho mengine.

Aidha, zana hizi zikishawekwa hufanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti. Kijana wa Nakivale anayenunua vifurushi kwa shida halipii kila ukaguzi.

MIPAKA YAKE

Isidhaniwe kwamba mkaguzi huyu huona kila kitu. Fomu ikileta tarakimu 5 kama maandishi, nayo programu ikaongeza 1, JavaScript hutoa 51, wala si 6. Kanuni za kawaida za ESLint hulipitisha kosa hilo kimya. Hapo linahitajika jicho la mwenzako, na jicho hilo litakuwa na nguvu endapo halikuchoshwa na ubishi wa nafasi na nukta.

Ninyi askari mnalielewa jambo hili kuliko wengi. Kuruti wa Acholi na wa Ankole hukutana uwanjani, amri ya "Mguu sawa!" hutolewa kwa Kiswahili, na hakuna anayesimama kubishana jinsi isemwavyo kwao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa vijana wetu wanne ulikuwa alama moja ya usawa, na ukuta ungekuwa chakula cha watu sita.