Kadi mbili za grafiki kwa mashine moja ya Linux: Soma hapa kabla hujatoa pesa

Kama unahariri video za harusi mjini Embu, au unaunda katuni kwa Blender ndani ya bedsita pale Nchiru, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, unaujua uchungu wa kungoja. Mteja anataka kazi Jumamosi, tarakilishi inakwambia bado saa tisa, na stima nayo haina adabu. Ndipo unajiambia: wacha niongeze kadi ya pili.

Wazo si baya. Ila hesabu kwanza ulizo nazo. Mashine nyingi za mitumba zinazotoka ng'ambo zina grafiki za Intel ndani ya prosesa, kwa hivyo ukichomeka kadi ya NVIDIA tayari ziko mbili. Fungua teminali uandike lspci | grep -E "VGA|3D" uone majina. Ile ya Intel isipoonekana, huenda BIOS iliizima ilipoona mgeni. Ingia huko uiwashe.

Sasa chomeka waya wa skrini kwenye Intel. Ndiyo, Intel! Blender itatumia NVIDIA kupiga hesabu za picha hata kama hakuna skrini iliyounganishwa nayo, na kumbukumbu yake yote inabaki kwa kazi yako badala ya kuchora madirisha. Programu nyingine ikihitaji nguvu hiyo, hasa gemu, tanguliza __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia mbele ya jina lake. Kwa AMD ni rahisi zaidi: DRI_PRIME=1, basi.

Je, ukitaka kadi mbili kubwa? Blender itazigawia kazi vizuri, lakini kumbukumbu hazijumlishwi. Kadi mbili za GB 4 hazikupi GB 8. Kila moja lazima ibebe mandhari yote peke yake. Pia huwezi kuchanganya AMD na NVIDIA katika kazi moja ya Blender, kwa sababu moja hutumia HIP na nyingine CUDA, nawe unachagua njia moja tu. (Habari za SLI za kwenye gemu sahau. NVIDIA yenyewe iliacha kuiandalia mipangilio mipya mwaka 2021.)

Mtego unaonasa wengi ni draiva. Linux hubeba toleo moja tu la draiva ya NVIDIA kwa wakati. Kadi za zamani kama GT 710 nyingi ziliishia toleo la 470, na toleo hilo haliijui kabisa RTX 4060. Ukizinunua zote mbili, draiva rasmi itaiacha moja ikikaa bure.

Halafu umeme. Sloti ya ubao hutoa wati 75 tu. Kadi inayodai zaidi huhitaji waya wake kutoka pawa saplai, na zile kesi ndogo za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Pima nafasi pia. Kadi ndefu haiingii humo hata ukiibembeleza.

Ukienda dukani, beba flashi yenye Ubuntu inayowaka bila kusakinishwa. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine, uandike lspci mbele yake, ulinganishe jina linalotokea na lile lililoandikwa kwenye boksi. Akikataa, rudisha pesa mfukoni ujaribu duka linalofuata.