Kibaba Kikijaa: Hesabu za Kompyuta Mpakani Busia na Tororo

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutueleza yatokeayo pale kibaba kikishajaa na mpimaji akazidi kumimina. Katika makala haya tumekusudia kulizungumzia jambo hilo, kwa maana ndilo chanzo cha makosa mengi katika hesabu zinazotunzwa ndani ya kompyuta. Tena ni mahali pachache panapoyadhihirisha makosa hayo kama mpaka wa Uganda na Kenya, katika miji ya Busia na Malaba.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Busia ni jina moja la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Malaba nayo iko pande zote mbili, na ile ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Busia ya Uganda pia ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1997. Katika malango haya mawili hupita shehena nyingi zitokazo bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Museveni na Rais Kenyatta walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Karatasi zimepungua, na kumbukumbu za mizigo, kodi na malipo zimehamia katika hifadhidata, yaani majedwali ya taarifa yaliyomo ndani ya kompyuta.

Lakini paa ni moja na shilingi ni mbili. Hadi mwaka 1966 nchi hizi zilitumia sarafu moja, kisha kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake. Leo shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mwezi Mei mwaka 1987 Serikali ya Uganda ilifuta sifuri mbili katika sarafu yake, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Hatua ile ilizifupisha hesabu, lakini bei za miaka iliyofuata zimezirefusha tena. Mzigo ambao upande wa Kenya huandikwa kwa makumi ya mamilioni, hatua chache upande wa pili huandikwa kwa mabilioni. Hapo ndipo kibaba cha kompyuta hufurika.

KIBABA CHENYEWE

Inafaa ieleweke kwamba kompyuta haihifadhi namba katika nafasi isiyo na mwisho. Mtengenezaji wa programu anapounda jedwali, huipa kila safu aina yake, na aina hiyo ndiyo ukubwa wa chombo. Aina ya namba kamili itumikayo sana huitwa INT, nayo ina biti 32. Namba kubwa kabisa inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Ikiongezwa moja tu, chombo kimefurika.

Tutoe mfano. Tuseme lori la mafuta limebeba lita 36,000, na kila lita inathaminiwa kwa shilingi 5,000 za Uganda. Thamani ya lori moja ni shilingi 180,000,000. Malori 11 yatafikisha shilingi 1,980,000,000, na hesabu bado ni salama. Lori la 12 likiingia langoni Malaba, jumla inakuwa shilingi 2,160,000,000. Programu iliyofanya kazi bila kasoro kwa malori 11 inashindwa kwa lori la 12, ingawa dereva hana kosa, mafuta ni yale yale na karani ameandika sawasawa. Mzigo huo huo ukihesabiwa kwa shilingi za Kenya haufikii hata sehemu ya kumi ya kikomo hicho. Kwa hiyo programu iliyoandikwa na kujaribiwa kwa hesabu za Kenya inaweza kuvuka mpaka na kuanguka siku ya kwanza.

KUANGUKA KWA AINA TATU

Kufurika huku hujitokeza kwa namna tatu. Ya kwanza ni programu kukataa na kutoa onyo. Hii huudhi, kwa sababu kazi inasimama na foleni ya malori inarefuka, lakini ndiyo yenye heri, maana hakuna uongo ulioandikwa.

Ya pili ni namba kuzunguka, kama mita ya kilometa ya gari la zamani inayotoka 99999 na kurudi 00000. Katika baadhi ya lugha za programu, Java ikiwa mojawapo, jumla yetu ya shilingi 2,160,000,000 itageuka kuwa kasoro shilingi 2,134,967,296. Mwenye mzigo aliyepaswa kulipa kodi anaonekana kama mtu anayeidai Serikali!

Ya tatu ndiyo ya hila zaidi. Hifadhidata ya MySQL, isipowekwa katika hali ya ukali, hupokea namba iliyozidi na kuandika kikomo badala yake, yaani 2,147,483,647, kisha ikaendelea na kazi. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 hali ya ukali huwekwa tangu mwanzo, lakini wapo mafundi wanaoiondoa ili programu za zamani zisiwasumbue. Karani au mkaguzi wa hesabu akiiona namba hiyo ikijirudia katika taarifa, na ajue kwamba si bahati: kuna kitu kimemwagika.

Namba hiyo hupenda kujitokeza hata katika safu za simu. Namba ya simu ya Kenya bila kiambishi cha nchi ina tarakimu 9 na hutoshea ndani ya INT. Mpakani, ambako wateja ni wa nchi mbili, lazima kuandika 254 au 256 mbele yake, na mara moja chombo kinazidiwa. Matokeo yake ni wateja mia kuwa na simu moja. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hiyo mahali pake ni katika safu ya maandishi.

NJIA YA KUREKEBISHA

Kwanza, ni kupima kabla ya kugusa. Fundi aorodheshe safu zote za namba, atafute thamani kubwa kabisa katika kila moja, na ailinganishe na kikomo. Asizisahau safu za namba za utambulisho zinazoongezeka zenyewe kila kumbukumbu mpya inapoingia, kwani nazo huisha.

Pili, ni kurekebisha hesabu zenyewe. Wengi hupanua safu ya jibu wakaacha hesabu ifanyike katika chombo kidogo. Katika SQL Server, jumla ya safu ya INT hutolewa ikiwa INT, hata kama kila mstari peke yake ni mdogo. Dawa ni kuigeuza kila namba kuwa BIGINT kwa agizo la CAST kabla ya kujumlisha au kuzidisha. Kuligeuza jibu baadaye ni sawa na kuleta pipa wakati mafuta yamekwisha mwagika. PostgreSQL hupanua jumla ya INT yenyewe, lakini INT ikizidishwa kwa INT hubaki INT. Basi asidhani mtu kwamba kauli iliyofaa katika hifadhidata moja itafaa katika nyingine.

Tatu, ni kupanua safu. BIGINT ina biti 64, na hufika 9,223,372,036,854,775,807. Gharama yake ni baiti 8 badala ya 4, gharama ndogo ikilinganishwa na kodi iliyopotea. Lakini safu haikai peke yake. Majedwali yanayoitegemea, programu inayoisoma na taarifa zinazochapwa lazima vipanuliwe pamoja. Mahali ambapo magari huvuka usiku na mchana, kulifunga jedwali kubwa kwa saa kadhaa ni kuifunga barabara. Ni heri kuongeza safu mpya kando ya ile ya zamani, kuijaza kidogo kidogo, kuzilinganisha, kisha kuzibadilishana kwa dakika chache.

Nne, fedha zisikimbiliwe katika namba za desimali inayoelea. Aina hiyo ikiwa ya biti 32 haiwezi kuiandika 16,777,217 kwa usahihi, huirudisha 16,777,216. Kwa fedha zenye senti, aina ya DECIMAL ndiyo mahali pake.

Tano, majaribio yafanyike kwenye ukingo: 2,147,483,646, kisha 647, kisha 648. Programu iliyojaribiwa kwa shilingi elfu moja haijajaribiwa.

SI MPAKANI PEKE YAKE

Tusije tukadhani kwamba haya ni matatizo ya nchi changa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilipasuka chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba iliingizwa katika nafasi ya biti 16 isiyoitosha. Sehemu hiyo ya programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi. Siku ya Krismasi mwaka 2004, shirika la ndege la Comair la Marekani lilifuta safari zake zote, kwani mfumo wa kupanga zamu za wafanyakazi haukuweza kupokea mabadiliko zaidi ya 32,768 katika mwezi mmoja, na dhoruba ya theluji ilikuwa imeyazidisha.

Ipo na siku iliyo mbele yetu. Mifumo inayohesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika biti 32 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Tarehe hiyo inajulikana tangu sasa. Atakayekutwa nayo bila maandalizi hatakuwa na udhuru.

Ndugu msomaji, mara nyingi programu hizi hufurika kwa sababu biashara imestawi. Malori yameongezeka, wateja wameongezeka, na chombo kimebaki kile kile. Yeyote anayeandika programu itakayovuka Busia au Malaba na aulize kwanza: mzigo huu utafika wapi baada ya miaka kumi, na kwa shilingi ya nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mabilioni haujengwi kwa siku moja.