Inhela ya unga: Pumzi ya mgonjwa ndiyo inayofikisha dawa

Bibi amekuja mjini kutibiwa kifua. Daktari amempa inhela mpya, si ile ya kubonyeza ikapuliza, bali ya unga. Wiki mbili baadaye bado anahema akipanda ngazi za barazani, na nyumbani wameanza kusema dawa haimfai. Hakuna aliyekaa naye kutazama anavyoitumia.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa familia zenye mgonjwa wa pumu au wa ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, maarufu kama COPD. Mara nyingi dawa yenyewe haina kasoro. Kinachokosewa ni hatua ya mwisho, ile inayofanyika nyumbani.

COPD si ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021 na kushika nafasi ya nne kati ya magonjwa yanayoua zaidi duniani. Katika nchi zetu, moshi wa jikoni ni chanzo kikubwa. Mama aliyepikia kuni maisha yake yote anaweza kuupata bila kugusa sigara.

Unga laini kuliko unga wowote wa jikoni

Ili dawa ifike ndani ya mapafu, chembe zake zinatakiwa ziwe na upana wa kati ya mikromita 1 na 5. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe kubwa zaidi hunasa kooni na kumezwa, na zilizo ndogo mno huweza kutoka tena na pumzi.

Kiwandani, dawa husagwa kwa hewa yenye shinikizo kubwa. Chembe hurushwa kwa kasi, zikagongana hadi zikavunjika. Lakini unga laini kiasi hicho una tabia moja mbaya: hushikana na kufanya mabonge.

Dawa nyingi za aina hii huchanganywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, yenye punje kubwa zaidi. Chembe za dawa hujibandika juu ya punje hizo. Mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu, dawa hubanduka na kuendelea hadi mapafuni, sukari ikabaki mdomoni na kooni. Ugumu wa kuitengeneza upo hapo: dawa ishike vya kutosha isiachane na sukari ikiwa ndani ya kifaa, lakini isishike mno hata pumzi ikashindwa kuibandua.

Kama mwanao ana mzio mkali wa maziwa, mwambie daktari kabla hajaandikiwa inhela ya unga.

Somo la rubani mwenye pumu

Inhela ya kubonyeza husukuma dawa kwa gesi. Nyingi za unga hazina gesi wala betri, hutegemea pumzi ya mgonjwa tu.

Daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyefanya utafiti wake Uingereza, alilielewa hilo vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu, na aliiamsha kwa makusudi ili aone kama dawa aliyokuwa akiijaribu ingeizuia. Alikuwa amerusha ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kifaa alichobuni, Spinhaler, kilikuwa na pangaboi dogo ndani. Mgonjwa akivuta pumzi, pangaboi huzunguka na kurusha unga.

Kwa sababu hiyo, watoto wa chini ya miaka 5 au 6 kwa kawaida hawapewi inhela ya unga, kwani hawawezi kuvuta kwa nguvu inayotakiwa. Wao hutumia ya kubonyeza pamoja na spesa, kile chombo cha plastiki cha kupitishia dawa. Usimpe mtoto inhela ya bibi yake hata kama wote wanakohoa.

Makosa ya nyumbani

Adui wa kwanza ni unyevu. Unga ukilowa, hushikana na hautawanyiki tena. Kwa wakazi wa Pwani, na hasa wakati wa masika, inhela isikae bafuni wala karibu na sufuria inayochemka. Usiioshe kwa maji ila kama maelekezo yake yanaruhusu. Mgonjwa asipumulie ndani yake.

Kosa la pili ni kumeza kapsuli. Baadhi ya inhela hutumia kapsuli inayowekwa ndani ya kifaa na kutobolewa. Mwaka 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliozimeza. Itoe kwenye pakiti yake wakati wa kuitumia tu.

Kaa naye, mtazame

1. Aandae dozi kama kifaa kinavyoelekeza, akiwa amekaa wima au amesimama.
2. Atoe pumzi yote, uso ukiwa mbali na inhela.
3. Abane midomo vizuri kwenye mdomo wa inhela.
4. Avute kwa nguvu na kwa kina tangu mwanzo, isipokuwa kifaa chake kikielekeza vingine.
5. Abane pumzi kwa sekunde 10 hivi, au kadiri anavyoweza.
6. Kama dawa ina steroidi, asukutue na kuyatema maji, ili kuzuia fangasi mdomoni.

Akishindwa, mrudishe kliniki na inhela yake mkononi, aitumie mbele ya muuguzi. Huenda akahitaji kifaa cha aina nyingine. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

Na akifikia kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka rangi, msisubiri dozi inayofuata. Mkimbizeni hospitali.