Namna Gani Munafunzi Anaweza Kufika Kwa Maonyesho Makubwa ya Sayansi



Wengi wanatuuliza: "Sisi wa Likasi hatuna labo ya nguvu, tutafika namna gani kwa maonyesho ya inchi muzima?" Wanawaza kama ile iko kazi ya masomo ya watajiri. Haiko vile. Musikie kwanza habari moja ya kweli.

Katika inchi ya Kenya, upande wa Nakuru, kuko masomo ya kijiji, jina yake Keriko. Walikuwa na ordinatere moja tu, na mwalimu moja kwa wanafunzi 58. Lakini katika mwaka 2018 walipeleka kwa maonyesho ya inchi chombo cha kusaidia vipofu na viziwi kupima vitu, na wakakuwa wa kwanza kati ya masomo ya Serkali. Kisha kikundi chao cha hesabu kikachaguliwa kwenda Arizona, kule Marekani, kwa maonyesho ya dunia yote ya mwaka 2019, yenye kuitwa ISEF. Mwaka ule ule mwalimu wao, Peter Tabichi, alipewa zawadi ya dola milioni moja. Basi, haikuwa feza njo iliwapandisha.

Ngazi yenyewe iko hivi. Kule Kenya munaanza kwa wilaya ndogo, kisha kaunti, kisha jimbo, kisha inchi. Kwa kila kipandio wanabakia wachache. Waamuzi wanapima mambo tatu: namna umeandika, namna unasema, na namna umefikiri. Hii ya tatu njo inaangusha wengi.

Kwa ISEF kuko sheria ingine. Kikundi hakipite watu watatu. Kazi isipite miezi 12. Ufupisho wake usipite maneno 250. Tena, kama unataka kuchunguza watu, nyama, ao vitu vya hatari, unaomba ruhusa MBELE ya kuanza, hapana kisha. Sisi wa Likasi tushike hii muzuri, sababu Shinkolobwe haiko mbali. Mawe yake iko na uraniumu. Njo yenye ilitumika kwa bomu ya Hiroshima katika 1945. Mutu asilete jiwe ya kule ndani ya darasa ati anafanya sayansi!

Kwetu Kongo, bibi Raïssa Malu, mwenye alisoma fizika, alianzisha Juma ya Sayansi na Teknolojia kule Kinshasa katika 2014. Njia iko, basi. Inabakia sisi kutengeneza kazi yenye inafaa.

Sasa tuungame kosa letu. Mwaka uliopita, kwa maonyesho ya hapa masomo yetu, sisi wa kikundi kimoja tulichunguza ulizo hili: makala na muchanga vinasafisha maji ya muto kiasi gani? Vyombo vyetu: chupa, rula, na karatasi yenye alama ya msalaba. Unaweka karatasi chini ya chupa, unamwanga maji polepole, unatazama kutoka juu. Siku msalaba unapotea, unapima urefu wa maji kwa sentimetre. Kama maji iko safi, unafika mbali.

Ulizo lilikuwa muzuri. Lakini tulipaswa kupima siku 10, na siku tatu tulikawia nyumbani. Tukajaza hesabu sisi wenyewe. Mwalimu akasoma kaye yetu, akauliza tu: "Siku ya ine mvua kubwa ilinyesha. Juu ya nini maji ya muto ilibakia sawa na jana yake?" Tulinyamaza. Hata zile siku saba za kweli, hakuna mutu aliziamini tena.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kupanda ngazi afanye hivi:

1. Achague ulizo ndogo, lenye anaweza kulipima yeye mwenyewe.
2. Apime mara tatu, hapana mara moja, kisha atafute katikati yake.
3. Abadilishe kintu kimoja tu kila mara. Kama unabadilisha muchanga na makala pamoja, hautajua ni kipi kilisafisha.
4. Aandike kwa kaye siku ile ile, na tarehe, kwa bic. Kosa asifute: alikate kwa mustari moja, lisomeke.
5. Siku hakupima, aandike: "Leo hatukupima."

Ile neno ya mwisho inauma kuandika. Lakini mbele ya waamuzi, kaye yenye nafasi tupu inaweza kusimama. Kaye yenye uongo haisimame.

Kikundi chetu tumeanza tena, na kaye mupya. Kesho asubui tunaenda kuteka maji kwa muto. Mwenye kupenda, aje na chupa yake.

Ni sisi, kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Likasi.