Mjamzito Mwenye Huzuni Isiyokwisha

Ndugu msomaji, huenda una binti au dada aliyeolewa Dar es Salaam. Huenda anakaa katika chumba cha kupanga pale Kariakoo. Alipopata mimba mlifurahi. Sasa ukimpigia simu anajibu kwa shida. Ukimwuliza kuna nini, anasema, "Hakuna kitu, mama." Halafu anakata simu.

Usikasirike. Inawezekana binti huyo ni mgonjwa.

Tumchukue mama mmoja kama mfano. Mumewe ni kibarua bandarini. Siku nyingine anapata kazi, siku nyingine anarudi mikono mitupu. Zamani mama huyu alikuwa akikaanga maandazi alfajiri na kuwauzia wachukuzi wa mizigo sokoni. Mimba ilipofika miezi mitano, aliacha. Anaamka saa nane usiku na usingizi haurudi tena. Chakula hakipiti. Analia bila kujua analilia nini. Hata mtoto akicheza tumboni, yeye hafurahi. Wapangaji wenzake wanasema, "Mimba imemkataa mume." Wengine wanasema anadeka.

Maneno hayo yamewaumiza wanawake wengi. Ni kweli kwamba mimba hubadili hali ya mtu. Mama anaweza kuchukia harufu fulani, kuchoka, au kukasirika upesi. Mambo hayo huja na kuondoka. Lakini huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mama akakosa hamu ya mambo aliyoyapenda, hiyo si tabia ya mimba. Huo ni ugonjwa. Wataalamu huuita sonona.

Mwenye sonona anaweza kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi. Hana nguvu. Anajiona hafai, anajilaumu kwa kila jambo. Wengine hawasemi kabisa kwamba wana huzuni. Wanasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, au "nina mawazo mengi". Tukumbuke pia kwamba uchovu unaweza kuletwa na upungufu wa damu au malaria. Kwa hiyo damu ipimwe. Lakini damu ikiwa nzuri, msiseme basi mama ni mzima.

Je, ni wangapi wanaougua? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, wajawazito kama 16 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili, na ulio mkubwa ni sonona. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta dalili za huzuni hiyo kwa wajawazito karibu 4 katika kila 10 waliopimwa. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba hali ya uchumi na uhusiano wa mama na mwenzi wake vina sehemu kubwa.

Hilo halishangazi. Kijijini mama ana shangazi, ana wifi, ana jirani wa kumtekea maji. Mjini nyumba moja ina familia nyingi, na kila mlango una shida zake. Kodi inadaiwa. Mume akiwa mkali au mlevi, hakuna wa kumkimbilia. Mwingine alipoteza mimba ya kwanza na anaogopa hii nayo itatoka. Hata hivyo, anayependwa na mwenye kila kitu pia anaweza kuugua. Asiambiwe hana shukrani.

Ugonjwa huu usipotibiwa, mama huacha kula vizuri na huacha kliniki. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Na huzuni inaweza kuendelea baada ya kujifungua.

Dada, ukienda kliniki usiishie kusema "sijambo" kwa sababu foleni ni ndefu. Mwambie nesi hivi: "Silali, nalia kila siku, tangu mwezi uliopita." Maneno hayo yanatosha. Walio Kariakoo wana Hospitali ya Mnazi Mmoja karibu, na mgonjwa anayehitaji zaidi anaweza kupelekwa Muhimbili, ambako kuna wataalamu wa magonjwa ya akili. Walio kijijini waanzie zahanati. Wengi husaidiwa kwa mazungumzo na mtaalamu. Wengine huhitaji dawa, na daktari anajua kuchagua dawa kwa mjamzito. Usijinunulie dukani. Na kama ulikuwa ukitumia dawa kabla ya mimba, usiziache ghafla bila kumwuliza daktari.

Wewe mume, usimwambie "jikaze". Chota maji. Msindikize kliniki. Msikilize bila kumkatiza, hata kama huna jibu. Anayepigwa anaweza kwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Watu wengi wana desturi ya kumrudisha binti kwa mama yake ajifungue mimba ya kwanza. Ni desturi njema. Lakini kama anaumwa huzuni, msingoje mwezi wa saba. Aje mapema, na kadi yake ya kliniki aje nayo.

Lipo jambo moja lisilongoja hata kesho. Mama akisema "afadhali nife", au "mtoto huyu angekuwa bora bila mimi", msibishane naye na msimcheke. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake. Ondoeni chumbani vidonge na sumu za wadudu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama si siku yake ya kliniki.