Busta za Breki kwa Land Rover Kuukuu

Land Rover za Series III, zilizoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, zingali kazini Tanzania na Kenya, na kwa kuwa nyingi za zile fupi za inchi 88 zilitoka kiwandani bila busta ya breki, gereji hupata kazi ya kuwawekea wamiliki kifaa hicho. Busta ni kopo la bati lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira: injini hunyonya hewa pande zote mbili, na dereva anapokanyaga pedeli, upande mmoja hufunguliwa kwa hewa ya nje, nayo husukuma kiwambo na kuongeza nguvu ya mguu juu ya masta silinda, yaani pampu inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 23, kikipata tofauti ya shinikizo ya kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba, husukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 250. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, msaada huo hupungua, kwani shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa.

Vifaa hupatikana kwa njia mbili: vilivyotumika, vinavyofunguliwa kwenye magari ya Kijapani yaliyochinjwa na kuuzwa katika maduka ya spea, na vipya vya kunakili vile vya kiwandani. Bei ya kifaa ndiyo inayojadiliwa zaidi, ingawa thamani ya kazi hii imo katika ufundi. Injini ya dizeli, kwa mfano, haina kipepeo kinachobana hewa inayoingia kama ya petroli, hivyo haitoi vakyumu ya kutosha, na gari lililobadilishiwa injini ya dizeli ya Kijapani hulazimika kuwa na altaneta yenye pampu ya vakyumu mgongoni. Fundi anayeunganisha mpira wa busta kwenye manifoldi ya dizeli amemuuzia mteja kopo tupu.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale fito ya busta inapokutana na pistoni ya masta silinda. Fito ikizidi urefu hata kidogo, pistoni hairudi hadi mwisho, mafuta hubaki na shinikizo, na breki hukamata zenyewe hadi dramu zinapata moto; ikipungua, pedeli huzama kabla breki haijashika. Baada ya kutoa upepo, fundi makini huzima injini, hukanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha huishikilia na kuwasha: pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi, na ikibaki palepale, vakyumu haifiki au kiwambo kimepasuka.

Gereji zinazoacha breki shuu zilizolowa mafuta na kufunga busta juu yake zinahatarisha maisha ya watu, kwa sababu kifaa hiki huongeza msukumo tu. Ankara yenye mstari mmoja, «busta na kazi», haimwonyeshi mteja kama shuu, fito na chanzo cha vakyumu vilikaguliwa. Heri idai kila kimoja kwa bei yake.