Je, Wajua? Marisau huvunwa ardhini na kupigwa tena

Katika skiti, mchezo wa Olimpiki wa kulenga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, fataki moja hubeba marisau, yaani punje za madini ya risasi, yasiyozidi takriban gramu 24. Mshindani hulenga visahani 125 katika hatua ya mchujo. Piga hesabu: karibu kilo 3 za risasi kwa mtu mmoja, na zote huanguka chini!

Huko Marekani, viwanja vingi vya kulengea huyavuna marisau hayo. Marisau mengi huangukia kati ya mita 115 na 180 kutoka alipo mpigaji, kwa hiyo wavunaji huparua tabaka la juu la udongo hapo, wakalipitisha kwenye machekeche yanayotenga mawe, mizizi na vumbi. Punje zilizobaki duara husafishwa, hupakwa grafiti ziteleze vizuri, kisha huuzwa kwa bei nafuu kwa wanaojaza fataki wenyewe. Zilizobonyea huyeyushwa upya. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi tu.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si fedha, bali ni kulinda mazingira. Ndege humeza punje hizo wakidhani ni changarawe, firigisi huzisaga, nao hufa kwa sumu. Udongo wenye asidi nao huyeyusha risasi polepole hadi ikafikia maji, ndiyo maana viwanja makini humwaga chokaa kupunguza asidi hiyo kati ya mavuno na mavuno.

Ukishika marisau, nawa mikono kabla ya kula, na kamwe usiyeyushe risasi kwenye sufuria ya jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini.